Nani Atatuosha Sasa

Jumanne, 8 Julai

Nimerudi kutoka Chikongola, nimeosha maiti. Mikono bado inanuka karafuu maiti ingawa nimeisugua kwa ndimu. Nguo nimeziloweka. Chai sijanywa, na mama mkwe anagonga ukuta kwa fimbo, anataka uji wake.

Marehemu ni mdogo kwangu. Niliyoyaona mwilini mwake siyaandiki, hata humu. Lakini dada yake aliyasema mwenyewe, kwa sauti, mbele ya wanawake wote waliokaa mkekani. Alikuwa anatoka damu muda mrefu. Uvimbe kwenye kizazi. Akaandikiwa upasuaji, akasema subirini nimwoze binti. Akamwoza. Akasema subirini tuvune korosho. Wakavuna. Akasema subirini mume wangu apone mguu. Mume amepona. Leo alikuwa mlangoni, amesimama vizuri kabisa.

Mimi nilikuwa nakoroga majani ya mkunazi kwenye ndoo huku nasikiliza. Na chini ya kanga nina nguo tatu nilizojifunga, zote zimelowa damu.

Ndiyo. Mimi pia nina uvimbe. Mimi pia niliandikiwa upasuaji, tangu mwaka jana. Mimi pia nimesema subirini.

Nina hasira. Sijui namkasirikia nani.

Alhamisi, 10 Julai

Nimeanguka sokoni. Si kuanguka kabisa. Magoti yaliisha nguvu nikajikuta nimekaa juu ya ndoo ya muuza dagaa, mfuniko ukazama na mimi. Watu wakacheka. Waliponiona uso wakaacha.

Mwalimu Agnes alikuwa meza ya pili anachagua nyanya. Ni jirani yangu hapa Chuno, mtu wa Songea, Mkristo, anafundisha sekondari, haoni haya kumpasulia mtu ukweli. Akanishika kwapani akanileta nyumbani. Akanivuta kope la chini, akasema humo ndani hamna damu. Kesho tunaenda hospitali, ameshaomba ruhusa kazini. Hakusema "ukipenda".

Ijumaa, 11 Julai

Tarehe 5 Agosti. Kizazi kinatolewa chote. Kabla ya hapo nile vidonge vya kuongeza damu na nilete ndugu wa kuchangia.

Daktari ni binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu. Akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia asubuhi nauza vitumbua, na mtaani kwetu mimi ndiye ninayeosha maiti za wanawake. Akaacha kuandika. Akauliza tunanyanyua tukiwa watu wangapi. Nikasema tuko watatu, wenzangu wanamwaga maji na kushika miguu, mimi nabeba kifua na kichwa.

"Basi hiyo kazi umeshaiacha, mama."

Hakuna ndoo, hakuna kuinama, hakuna kubeba, kwa miezi. Nilitoka mle nimenuna. Kwenye ngazi nikagundua kuwa nimefurahi. Nikaona haya kwa kufurahi. Kufika getini haya zikaisha.

Jioni nikamwambia mume wangu. Issa amerudi bandarini amechoka, alikuwa anakula. Akatafuna muda mrefu. Kisha akauliza, "Na mama?"

Hakuuliza nitaumia. Hakuuliza nitapona. Na mama.

Jumapili, 13 Julai

Niandike hili vizuri, nisije nikajidanganya baadaye.

Mama mkwe wangu, Bi Somoe, ndiye aliyekuwa mwosha kabla yangu. Alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, akavuka akiwa binti, akaolewa huku, akaosha wanawake wa Chuno hii mpaka kiuno kikakataa. Kwake yeye kazi hii hupewa mtu mmoja. Unamchagua, unamfundisha, unamwachia. Ana mabinti wa kuwazaa mwenyewe. Akawaruka, akanichagua mimi mkwe. Watu walishangaa, mimi nikaona fahari. Bado naona fahari, nisiseme uongo.

Alinipa kwa sharti moja. Siku yake ikifika, nimwoshe mimi, mkono wa mwingine usimguse. Nikasema naam, mama. Nilikuwa bado msichana, kufa niliona ni mambo ya wazee.

Sasa yuko chumba cha nyuma. Miguu imekufa, ulimi uko hai. Amekuwa akifa kila mwaka tangu binti yangu Rukia aanze sekondari, na Rukia sasa yuko Dodoma na watoto wake.

Leo nimemwambia habari ya upasuaji. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Basi ningojee, nkwe wangu. Siko mbali. Nikishatangulia, nenda kakate unachotaka."

Nikamwuliza, na nikitangulia mimi?

"Ntoto hantangulii nzazi."

Nimeosha watoto, mama. Wewe ndiye uliyenionyesha namna ya kumshika mtoto mchanga. Hayo niliyasema moyoni. Nilichukua bakuli la uji nikatoka, nikalisugua jikoni kwa hasira.

Jumatano, 16 Julai

Darasa la dini la wanawake leo. Habari yangu ilifika kabla yangu.

Wote walikuwa wapole. Huo upole ndio ulionichosha. Mmoja amenishika mkono akaniambia kizazi ni amana, siku ya hesabu nitaulizwa kiko wapi. Mwingine akasema thawabu za mwosha ni kubwa mno, nisizitupe kwa kuogopa kufa. Wa tatu akanipa kipande cha halua, akasema nivumilie tu mpaka Bi Somoe aende zake. Alisema hivyo akiwa anatafuna.

Nikasimama. Naandika niliyosema kwa sababu niliyasema vizuri, na sitaki kuyasahau. Nikasema kuosha maiti ni wajibu wa mtaa mzima. Wakiufanya wachache, wote mmesalimika. Akikosekana wa kuufanya, wote mna dhambi. Ninyi mmeuchukua wajibu wa mtaa mkaufunga mgongoni mwangu, halafu mnaniita mwenye bahati. Mwili huu nao una haki yake, tumefundishwa hapa hapa kwenye mkeka huu. Na habari ya viungo, sitaji majina, lakini nimewaosha waliokatwa titi na waliokatwa mguu. Wote nimewavika sanda na wote wamezikwa. Hakuna aliyerudishwa akatafute kilichopungua.

Mwalimu wetu wa darasa akaniambia niombe msamaha kwa Mungu. Nikaomba. Kisha nikasema Jumapili asubuhi nafundisha kuosha, pale kwenye banda nyuma ya msikiti. Mwenye kutaka aje.

Wakaangalia mkeka. Mkeka wenyewe wa kawaida tu, sijui waliona nini.

Jumapili, 20 Julai

Wamekuja wale wenzangu wawili wa kumwaga maji. Na Zuhura.

Zuhura ni mjane, anakaanga sambusa kwenye kona ya barabara ya lami. Anaogopa hata kuku aliyechinjwa, wateja wote wanajua. Nikamwuliza wewe umefuata nini. Akasema mama yake alipokufa alikimbia akajificha kwa jirani, na mpaka leo linamuuma.

Tulianza na godoro lililofungwa kamba. Hovyo. Waliligeuza kama makuli wa bandarini. Nikawaambia huyo ni mtu, ni mama wa mtu. Wakajaribu tena, wakacheka tena. Godoro ni godoro tu. Nikauliza nani atalala. Hakuna. Mmoja akasema yeye kitanda kile cha kuoshea atakilalia siku moja tu, na siku hiyo hataulizwa.

Basi nikajifunga kanga kifuani nikapanda mimi.

Mbao ni baridi. Miaka yote hii sikujua kwamba bati la banda lile lina kutu namna ile. Mimi huwa nimeinama. Nikafumba macho, nikawaambia nimekufa, sijui lolote, msiniulize kitu.

Zuhura akaniinua kichwa, kisha akakiachia. Kikagonga ubao. Nikafumbua macho nikamtukana. Wale wawili wakapiga kelele kwa kucheka, maiti kamtukana mwosha. Na mimi nikacheka mpaka tumbo likauma kwelikweli. Nikalala tena.

Mara hii alinishika kisogo kwa kiganja kilichofunguka. Akamwaga maji bega la kulia. Ya vuguvugu. Akapitisha mkono taratibu, chini ya kanga, bila kunifunua. Tangu nikiwa mtoto hakuna aliyeniosha. Mimi ndiye ninayeosha. Nikawaza, hivi ndivyo itakavyokuwa, na si vibaya. Hapo nikaanza kulia. Kwa maji yale hawakujua.

Kufa kwenyewe sikukuogopa pale. Niliogopa kufa kijinga, kwa kusubiri watu waniruhusu.

Jumatatu, 21 Julai

Nimekufa. Mji mzima unajua.

Kuna mtu alipita nyuma ya banda jana, akachungulia kwenye matundu ya ukuta wa makuti, akaniona nimelala kitandani na Zuhura ananimwagia maji. Hakungoja. Asubuhi hii nilikuwa nimeshafika mpaka Chikongola, nimefariki kwa uvimbe, nazikwa alasiri.

Nikiwa nakaanga vitumbua wakaanza kuingia na mikeka na kanga za msiba. Wa kwanza aliponiona na kijiti changu cha kugeuzia vitumbua alitupa mkeka akakimbia. Wa pili akakaa chini, akaomba maji. Mwingine akaniambia, "Mama Rukia, si umekufa?" kwa sauti ya kulaumu.

Issa alipewa habari bandarini. Alikuja mbio, buti moja mguuni. Aliponiona alisimama, akanishika mbele ya watu wote, akanikamata kama ninataka kumponyoka. Hajawahi. Alikuwa anahema. Nilimsamehe lile la Ijumaa.

Halafu likaja kundi kutoka upande wa barabarani, bado halijapata ukweli. Walikuwa wanalia tangu mbali. Mimi nilikuwa nyuma ya uzio. Nikawasikiliza, maana nani asiyetaka kusikia atakavyoliliwa? Nikangoja mmoja aseme alikuwa mcheshi. Aseme alikuwa na moyo. Hata vitumbua vyake, jamani.

"Mama Rukia umetuacha! Nani atatuosha sasa? Nani atatuosha?"

Mmoja akaanzisha, wengine wakapokea. Ndiyo yote. Hakuna kingine kilichosemwa.

Nikatoka nje ya uzio na kijiti changu mkononi. Nikawaambia, "Zuhura. Zuhura ndiye atakayewaosha." Walivyotawanyika, nusu walipoteza kandambili.

Jumanne, 22 Julai

Wanataka warudishiwe mchele wa rambirambi. Nimekataa. Msiba ulikuwa wangu. Tumepika pilau, tumemwita Agnes, tumekula.

Alhamisi, 24 Julai

Bi Somoe amesikia lote. Amesema nimefanya uchuro, kitanda kile hakilaliwi na mzima, sasa nimekiita kifo chenyewe. Nilitegemea hilo. Lililomuuma hasa ni jingine.

"Nlikupa wewe. Sikukupa ukagawe kama sambusa."

Nikamwambia mama, mlipompa mtu mmoja mlimpa heshima, lakini mlimfunga pia. Mtu mmoja akiugua mtaa mzima unakwama. Akasema mtaa haujawahi kukwama kwa sababu yeye hajawahi kuugua. Ni kweli. Amelala miaka mingi na kila siku anajiona mzima.

Hali tena chakula kutoka mkononi mwangu. Analishwa na Issa. Ninasikia kijiko kikigonga bakuli na yeye akimwambia mwanawe mkeo ana haraka. Inaniuma. Namwona ni mbinafsi. Nampenda. Vyote kwa pamoja, na vyote leo.

Jumapili, 27 Julai

Amefariki bibi mmoja mtaa wa pili. Wamenifuata.

Nikasema Zuhura. Wakasema Zuhura bado mbichi, njoo usimame tu, uelekeze tu. Hiyo "tu" naijua. Unasimama, kisha unashika kata ya maji, kisha unajikuta umebeba kifua cha mtu na damu yako inashuka miguuni. Nikasema siji. Mmoja akaniambia siku yako na wewe watu watasema hawaji. Nikamwambia waseme, mimi wakati huo sitasikia.

Nikabaki. Naandika ukweli, nilijisikia mwovu. Nilikaa barazani na glasi ya juisi ya rozela, nainywa kama dawa, na mikono yangu haikujua ikae wapi. Niliswali, nikasahau rakaa, nikarudia. Nilimwombea yule bibi kwa jina lake. Hilo pia ni kitu. Lazima kiwe kitu.

Zuhura alipita baada ya alasiri, macho mekundu. Alitapika mara moja, nje, kisha akarudi ndani akamaliza.

"Mlimfunika muda wote?"

"Muda wote, shangazi."

Nikampa chai. Mikono yake ilinuka karafuu maiti.

Jumatatu, 4 Agosti

Kesho.

Nimekwenda kwa Bi Somoe kuomba radhi. Nilioga kwanza, nikavaa vizuri, nikapiga magoti kando ya kitanda chake ingawa kupiga magoti kunaniuma. Nikasema mama, naingia chumba cha kisu, nisamehe, niwie radhi. Issa alisimama mlangoni anaangalia vidole vya miguu yake.

Aligeukia ukutani. "Ukienda nenda. Radhi sikupi."

Nilingoja. Aliujua muda niliongoja, maana alikuwa macho. Nikanyanyuka.

Sasa mkoba uko tayari. Kanga, sabuni, kikombe. Wasia wangu nimempa Issa kwa mdomo, akakataa kusikia, nikausema hivyo hivyo. Nikifia mezani anioshe Zuhura. Na kichwa changu asikiachie.

Nikikutana na Mola wangu kesho bila radhi ya mama mkwe, nitajieleza. Kujieleza najua. Nitasema ulinipa mwili mmoja. Nimewasitiri nao waja wako tangu ujana wangu. Ulipoanza kuvuja nikaupeleka ukazibwe, ili niendelee kukaa nao. Wewe ni mwingi wa rehema, na wanaowatisha watu kwa jina lako hawakujui. Nitasema hivyo hivyo, nikisimama wima.

Naogopa. Nakwenda.

Jumamosi, 9 Agosti

Hai.

Mshono unauma nikicheka, na mwenzangu wa kitanda cha jirani hawezi kunyamaza. Uji bila sukari. Dirisha. Feni inayolia.

Damu waliyoniongeza, mmoja wa waliochangia ni Agnes. Issa alikwenda kuchangia, akaiona sindano, akaanguka, wakamlaza yeye. Mtu anayebeba mizigo bandarini. Agnes anasema nikianza kuimba kwaya nisimlaumu.

Nesi amenifuta mwili kwa kitambaa. Alivyonigeuza hakunigeuza sawa, nikamwelekeza. Akasema, "Mama, lala." Nikalala.

Jumapili, 17 Agosti

Nyumbani. Issa anapika. Ugali wake una mabonge, mchicha una mchanga, nakula na kumsifu. Vitumbua vimesimama. Sinyanyui hata birika.

Wanakuja kunijulia hali. Wanasema pole, wanakaa, wanazunguka, kisha wanauliza nitarudi lini. Sirudi. Miezi ikiisha je? Ikiisha nitafundisha, nimekaa kwenye kiti. Kubeba sibebi tena. Mmoja akasema nimekuwa na kiburi tangu nilipofufuka. Nikamwambia na wewe ufe kidogo uone.

Bi Somoe hajaniita. Nami sijakwenda. Ukuta ni mmoja, nasikia anavyokohoa. Kikohozi kimebadilika.

Alhamisi, 21 Agosti

Leo Bi Somoe kanishangaza.

Amemtuma Issa akamwite Zuhura. Zuhura alikuja anajifuta mafuta ya sambusa mikononi. Bi Somoe akamwambia atie maji ya moto kwenye beseni, amwogeshe. Issa akasema mama, mimi si nakuogesha? Akamfukuza.

Nilisogea mpaka kwenye pazia. Siwezi kusema sikuchungulia, nilichungulia. Bi Somoe alijilegeza mwili mzima, akafumba macho, mikono pembeni. Nikaelewa. Yule aliyeniambia kitanda hakilaliwi na mzima alikuwa amejifanya maiti kitandani kwake mwenyewe.

Zuhura naye alielewa. Alisimama kwanza, nikadhani atakimbia. Hakukimbia. Akaanza upande wa kulia kwenda kushoto, akamfunika, akashika kisogo, akageuza bila kuvuta. Mwishoni Bi Somoe akafumbua jicho moja.

"Nkono wako nzito."

Zuhura akasema, "Samahani, bibi."

"Nzito, lakini hauna haraka. Njoo tena Alhamisi."

Nikarudi chumbani kwangu nikiwa nimeshika mshono kwa kicheko na kwa kilio.

Alhamisi, 28 Agosti

Daktari kasema nitembee. Agnes amenipeleka Shangani jioni, tukatembea pole pole kando ya bahari, wazee wawili wasio wazee. Vijana wanaofanya mazoezi wakatupita. Sijavaa zile nguo tatu. Nilivaa gauni jeupe, kwa makusudi. Kwa muda mrefu sikuthubutu kuvaa nyeupe.

Nilimwambia Agnes kwamba najiona nina dhambi nikiwa na furaha. Akasema hiyo ni tabia tu, itaisha. Sijui kama itaisha. Nimeamua kufurahi hivyo hivyo.

Zuhura amekuja tena kwa Bi Somoe. Safari hii nilisikia wanaongea.

Jumatatu, 1 Septemba

Bi Somoe aliniita mwenyewe, kwa jina, si kwa kugonga ukuta.

Amepungua. Macho yameingia ndani. Hali wala hanywi ila maji ya kulowesha midomo. Nimeona nyuso nyingi, najua. Naye anajua kwamba najua, hatukuambiana.

Akasema, "Nionyeshe."

Nikafungua kanga. Akaupeleka mkono mpaka kwenye mshono, akaupitia kwa kidole kuanzia mwanzo mpaka mwisho, akabonyeza hapa na pale. Kidole cha mtu aliyegusa miili ya wanawake maisha yake yote. Hakikuniumiza.

"Wameshona vizuri."

Nikasema ndiyo, mama.

"Usibebe kitu."

Nikasema sibebi. Akashusha kanga yangu mwenyewe, akaivuta pembeni ikae sawa, akafumba macho. Neno radhi hakulitaja. Sikulidai.

Jumamosi, 6 Septemba

Mama amefariki alfajiri. Issa alikuwa amemshika mkono. Mimi nilikuwa upande wa pili, nikimtamkia shahada, na midomo yake ilifuata.

Nilimfumba macho. Nikamfunga kidevu kwa kitambaa. Hayo hayahitaji nguvu.

Watu wakaja. Banda likaandaliwa, maji yakachemshwa. Zuhura aliingia na ndoo, hakuniangalia, alikwenda moja kwa moja. Mawifi zangu wakanijia pale nje nilipokaa. Walikuwa wanalia, na hawakuwa na ubaya. Wakasema yeye alikutaka wewe, alikwambia wewe. Angalau njoo umwage kata moja. Kata moja ya maji si kitu.

Ni kweli, si kitu. Mkono wenyewe ulishanyanyuka kutoka kwenye paja, niliuona. Nikaurudisha. Nilijua ningeingia kwa kata moja nikatoka nimembeba. Nikawaambia niacheni nimwombee hapa hapa.

Maji yakaanza. Niliyasikia yote. Nililia bila kujizuia, kwa sauti, na sikuingia. Hakuna aliyetoka kuniuliza kitu.

Wanaume walipomchukua nilisimama mpaka walipokata kona. Kisha nikaingia ndani. Wageni walikuwa wamejaa mikekani, mkwe wa marehemu akawapita akaenda chumbani kwake saa za mchana. Niliona walivyotazamana. Nikanywa vidonge, nikavua mtandio, nikajilaza ubavu wa kulia.

Nikiulizwa akhera nilikuwa wapi mama mkwe wangu alipokuwa anaoshwa, nitasema nilikuwa nje, kwenye kiti. Nilikuwa napona.